Mashine ya kukaushia nguo inaunguruma lakini haianzi: naomba ushauri kabla sijakubali mota isukwe upya

Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Habari za jioni ndugu zangu. Nina nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba vinane hapa Mwanga, na tangu mvua zilipoanza kazi ya mashuka imenielemea. Kuanzia Novemba hadi Aprili kamba ya nje haina msaada: shuka linaanikwa asubuhi, mvua inanyesha mchana, na jioni linarudi ndani likiwa na unyevu na harufu. Juu ya hayo, wenyeji mnamjua yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, ambaye funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu. Siwezi kumlaza mgeni kwenye shuka ambalo halijapata moto wa kutosha, wa pasi au wa mashine.

Kwa sababu hiyo nilinunua mashine ya kukaushia iliyotumika, ya kutoka Ulaya, ya kilo 6, yenye bomba nyuma la kutolea hewa ya moto. Kibandiko chake kinasema volti 230, hezi 50, wati 2,300. Imenifanyia kazi vizuri kwa miezi saba. Wiki iliyopita ilianza kusita jioni: nabonyeza kitufe, taa inawaka, inaunguruma kwa sekunde kadhaa bila ngoma kuzunguka, kisha inanyamaza. Nikiiacha kama robo saa na kubonyeza tena, inarudia vilevile. Mwanzoni asubuhi ilikuwa inakubali, lakini tangu juzi haikubali hata asubuhi.

Fundi mmoja wa hapa mjini aliisikiliza kwa dakika mbili bila kuifungua, akasema mota imeungua na inatakiwa kusukwa upya, yaani kuwekewa koili mpya za waya. Bei aliyonitajia inakaribia nusu ya bei niliyonunulia mashine nzima. Je, kuna namna ya kujua kwa hakika kwamba mota imekufa kabla sijatoa fedha hiyo?

Fundi wa vifaa vya nyumbani (Isevya, Tabora)

Dada, pole kwa usumbufu, na nakushukuru kwa kueleza kwa utaratibu, kwa sababu maelezo yako yenyewe yamekwisha kuondoa nusu ya mashaka. Usikubali mota isukwe kwanza. Mota iliyoungua kweli kwa kawaida hukata umeme kwenye sakiti breka, au hutoa harufu kali ya vanishi iliyoungua, au hukaa kimya kabisa. Mota inayounguruma, ikanyamaza, kisha ikaunguruma tena baada ya kupumzika inakuambia kwamba koili zake zinapitisha umeme, ila imeshindwa kuanza kuzunguka. Ule ukimya ni kinga ya joto iliyomo ndani ya mota: inakata ili koili zisiungue, na ikipoa inajirudisha yenyewe. Mota ya namna hiyo bado inajilinda, na inayojilinda haijafa.

Sababu za mota kuunguruma bila kuzunguka si nyingi. Huenda kuna kitu kimekwama, kama soksi au sarafu kwenye feni, au beringi iliyoganda. Huenda kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imechoka. Huenda umeme unaofika ni mdogo kuliko unaohitajika. Kwa kuwa wewe mwenyewe umesema ilianza kusita jioni, mimi ningeanza na hili la tatu, tena ningeanzia ukutani kabla ya kugusa skrubu hata moja ya mashine.

Leo fanya mambo mawili. Kwanza, chomoa plagi kabisa, fungua mlango, uizungushe ngoma kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi mno, kama gurudumu la baiskeli lililoinuliwa, mkanda umekatika au umetoka kwenye puli. Ikizunguka kwa uzito wa wastani huku ukisikia mkanda ukivuta kitu kwa ndani, mkanda ni mzima. Ikigoma kabisa, kuna kitu kimekwama. Pili, mtafute mtu mwenye mita anayejua kuitumia, apime volti kwenye soketi ileile saa moja jioni, kwanza bila mzigo, kisha birika la umeme likiwa limewashwa kwenye tundu la pili la soketi hiyo. Kipimo cha bila mzigo peke yake hudanganya, kwa maana hata waya ulioshikiliwa na unyuzi mmoja huonyesha volti kamili pasipokuwa na kitu kinachovuta.

Mchangiaji (Ujiji)

Naunga mkono hoja ya umeme wa jioni. Mtaani kwetu taa hufifia kuanzia saa kumi na mbili na nusu, watu wanapopika na kuwasha televisheni kwa wakati mmoja. Naomba nimuulize fundi: umeme mdogo unawezaje kuizuia mota isianze, wakati taa ya mashine inawaka kama kawaida?

Fundi (Isevya, Tabora)

Kaka, taa ya kwenye kidirisha inahitaji umeme kidogo sana, hivyo itawaka hata volti zikiwa 150. Mota ni habari nyingine. Nguvu yake ya kuanzia hupungua kwa kipeo cha pili cha volti: zikishuka kutoka 230 hadi 180, mota haibaki na asilimia 78 ya nguvu kama mtu anavyoweza kudhani, bali takriban asilimia 61. Sasa weka ndani ya ngoma mashuka manne yaliyolowa, uiambie mota hiyo iyainue kutoka kwenye kusimama kabisa. Itaunguruma tu. Mota ambayo tayari inazunguka huweza kuendelea kwenye umeme mdogo, lakini inayoanza huhitaji nguvu nyingi kuliko wakati wowote mwingine, ndiyo maana tatizo hujitokeza kwenye kuwasha.

Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Nimerudi na majibu. Ngoma inazunguka kwa uzito wa wastani na mkanda unasikika, kwa hiyo nadhani ni mzima. Kijana wa kaka yangu aliyesomea umeme wa majumbani VETA amepima soketi. Saa moja jioni, bila mzigo, volti 190. Birika lilipowashwa zikashuka hadi 176. Leo saa kumi na mbili asubuhi, bila mzigo, 226. Birika lilipowashwa, 209. Birika letu ni la wati 2,000.

Fundi (Isevya, Tabora)

Dada, hapo kuna mambo mawili tofauti, na ni muhimu tusiyachanganye. Volti 190 za jioni zinatoka nje ya nyumba yako, kwenye laini ya mtaa. Hilo utalitolea taarifa TANESCO, nami nakuomba ulitolee taarifa kwa maandishi ukitaja vipimo na saa. Lakini kushuka kutoka 226 hadi 209 wakati wa asubuhi, mtaa ukiwa hauna mzigo mkubwa, kunanitia wasiwasi zaidi. Birika la wati 2,000 kwenye volti hizo linavuta karibu ampea 8. Volti 17 zikipotea kwenye ampea 8 ni zaidi ya wati 130 za joto, na joto hilo haliko kwenye birika, sehemu yake kubwa huenda iko mahali fulani kati ya mita ya LUKU na soketi yako. Huenda ni ndani ya ukuta, huenda ni juu ya dari.

Apime tena hivyohivyo kwenye soketi iliyo karibu na meni swichi. Kama pale volti zinashuka tatu au nne tu, basi kuna muungo mbovu kwenye njia inayokwenda chumba cha kufulia. Meni swichi ikiwa imezimwa, afungue jointi boksi zote za njia hiyo. Msiitumie soketi hiyo kwa mzigo wowote mkubwa hadi jibu lipatikane, hata pasi.

Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Kwenye soketi ya karibu na meni swichi volti zilishuka nne tu. Tulizima umeme, kijana akapanda darini. Boksi la tatu kutoka ukumbini tulilikuta limebadilika rangi upande mmoja. Ndani yake, waya wa milimita 2.5 uliotoka kwenye meni swichi ulikuwa umeunganishwa na waya mwembamba wa milimita 1.5, ule wa taa, kwa kusokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe mweusi, bila konekta. Utepe ulikuwa umeyeyuka na kugandamana na waya. Nilipougusa baada ya kupoa ulikatika kama ganda la karanga, na shaba ndani yake ilikuwa nyeusi. Boksi lenyewe limelala juu ya mbao ya dari.

Nimekaa kimya kwa muda baada ya kuona hayo, kwa sababu chumba kilicho chini ya boksi lile hulala wageni.

Waya mwembamba umeondolewa wote na kuwekwa wa milimita 2.5 hadi kwenye soketi, kwa konekta za skrubu. Asubuhi hii: bila mzigo 226, birika likiwaka 222. Lakini mashine, ndugu zangu, bado inaunguruma tu. Nimesikitika kidogo, ingawa najua tulichokipata ni kikubwa kuliko mashine.

Fundi (Isevya, Tabora)

Usisikitike dada. Kwa wiki nzima mota hiyo imekuwa ikijaribu kuanza kwa umeme usiotosha, na kila inapounguruma bila kuzunguka inavuta umeme mwingi mno. Huenda kapasita ilikuwa imeanza kuchoka zamani, ndiyo maana mashine ilisita jioni kwanza: asubuhi volti za kutosha zilikuwa zinaficha udhaifu wake, hadi ikafika mahali hata volti hizo hazikutosha tena.

Kapasita ni kikopo cha plastiki au cha bati, kwa kawaida kimefungwa karibu na mota, chenye waya mbili. Kazi yake ni kuupa umeme wa koili ya pili tofauti ya wakati, ili mota ijue izungukie upande upi. Bila hiyo mota inatetemeka mahali ilipo, na huo ndio mngurumo mnaousikia. Nawasihi wote mnaosoma msijaribu kuisukuma ngoma kwa mkono mashine ikiwa imewashwa ili kuona kama itashika. Najua mafundi wanaofanya hivyo, na najua vidole vilivyopotea.

Kijana achomoe plagi kwanza, kisha ndipo afungue kifuniko. Kapasita inaweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo aitoe kwanza nguvu. Achukue taa ya kizamani, ile yenye waya unaong'aa ndani, kwenye holda yenye vipande viwili vya waya, aziguse ncha zote mbili za kapasita kwa sekunde kadhaa. Kuzigonganisha ncha kwa bisibisi hutoa cheche na huweza kuiharibu kapasita yenyewe. Baada ya hapo achomoe waya moja na kupima kwa mita yenye alama ya kapasita. Kama imeandikwa maikrofaradi 8 na inasoma pungufu ya 7, ibadilishwe.

Mashine ikiwa wazi, asafishe na nyuzinyuzi zote zilizojaa kwenye feni na kuzunguka mota, kisha aizungushe feni kwa kidole aone kama ina uhuru.

Mchangiaji (Kasulu)

Samahani kwa kuingilia, tatizo langu liko karibu na hili. Mashine yangu haiungurumi kabisa. Taa haiwaki, hakuna sauti, imekufa katikati ya kazi. Rafiki yangu ameniambia kuna fyuzi nyuma ambayo nikiifunga kwa kipande cha waya itaamka. Je, nifanye hivyo?

Fundi (Isevya, Tabora)

Hapana kaka, nakuomba sana usifanye hivyo.

Mashine iliyokufa kimya hufuatiliwa kwa njia ambayo umeme unapita. Anza na soketi, ukijaribu kitu kingine hapohapo. Kisha fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi ya pini tatu: ifungue, ipime, usiridhike kwa kuitazama. Kama umeipitishia kwenye kinga ya friji, iondoe, kwa maana vifaa vingi vya aina hiyo husubiri dakika kadhaa kabla ya kuachia umeme, na vingi havikutengenezwa kwa wati 2,000 na zaidi. Halafu swichi ya mlango: unapoufunga mlango taratibu lazima usikie mlio mdogo wa "tik". Kama haupo, kidole cha plastiki kinachosukuma swichi kimevunjika au kimepinda. Ikiwa yote hayo ni mazima, ndipo unafika kwenye fyuzi ya joto.

Fyuzi ya joto hukaa kwenye njia ya hewa ya moto au karibu na hita. Aina moja ina kitufe kidogo katikati unachoweza kukibonyeza ikarudi. Aina nyingine ikikata imekata, hununuliwa nyingine. Ikiwa nzima, mita inasoma karibu omu sifuri. Ikikata, haisomi kitu. Lakini haikati bila sababu. Imekata kwa kuwa hewa ya moto haikupata pa kutokea, na joto likarundikana ndani. Ukiifunga kwa waya, joto litarundikana tena, na safari hiyo hakutakuwa na cha kulizuia. Nyuzinyuzi za pamba zilizokauka huwaka kwa urahisi mkubwa, na zimejaa ndani ya mashine yako. Mimi hukataa kazi ya mteja anayetaka nimfungie waya, hata akiongeza fedha.

Kabla ya kununua fyuzi mpya, nenda nje ukatazame mdomo wa bomba la hewa.

Mchangiaji (Kasulu)

Fundi, nimetoka nje kama ulivyoagiza. Nyigu wa udongo wamejenga ndani ya mdomo wa bomba, na nyuma ya kiota chao nyuzinyuzi zimeshindiliwa kama sufi ya mto. Sehemu ya bomba iliyo nyuma ya mashine pia ilikuwa imebanwa na ukuta hadi ikawa bapa. Fyuzi ya plagi ni nzima. Ya joto haisomi kitu. Nimeagiza nyingine yenye namba ileile ya nyuzijoto, na nimesogeza mashine mbele kwa shubiri moja.

Mchangiaji (Gungu, Kigoma)

Mimi nilinunua mashine kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao Marekani. Plagi yake ina pini nne nene na sijapata soketi yake. Naweza kukata plagi nikaweka yetu?

Fundi (Isevya, Tabora)

Usiiunganishe hivyo kaka. Mashine nyingi za Marekani hupokea umeme wa namna mbili kwa pamoja: hita yake hutumia volti 240, lakini mota na vidhibiti hutumia volti 120, kwa hezi 60. Kwetu kuna volti 230 na hezi 50. Ukiweka plagi yetu bila kufikiri, mota itapata karibu mara mbili ya stahili yake. Hata ukiipa transfoma ya kushusha volti, kwenye hezi 50 itazunguka polepole kwa takriban moja ya sita na itapata joto zaidi. Kama hujailipia yote, irudishe.

Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Kapasita imeandikwa maikrofaradi 8. Mita imesoma 4.7.

Tulizunguka maduka ya vifaa vya umeme tukaambiwa hakuna anayeuza vipuri vya mashine za kukaushia. Kijana akakumbuka kwamba pampu za maji nazo zina kapasita, tukaenda kwenye duka la pampu. Muuzaji alikuwa na ya 12 iliyokuwa tayari mezani, akasema kubwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Je, nichukue?

Fundi (Isevya, Tabora)

Usichukue ya 12. Kapasita kubwa kuliko ilivyoandikwa hupitisha umeme mwingi kwenye koili ya pili na kuichemsha, na hapo ndipo utakapomhitaji yule wa kusuka mota. Namba ya maikrofaradi iwe ileile, 8. Namba ya volti iwe sawa au zaidi ya ile ya zamani. Za pampu nyingi zimeandikwa 450, zinafaa. Na aangalie kwamba imeandikwa ya kufanyia kazi muda wote, isiwe ile ya kuwashia peke yake.

Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Imepatikana ya 8, volti 450, kwenye duka la pili. Gharama yake haifiki hata sehemu ya kumi ya bei niliyotajiwa ya kusuka mota.

Kijana alipoondoa kifuniko cha nyuma alitoa nyuzinyuzi zilizojaza ndoo ndogo, na kwenye feni alikuta kifungo cha shati na kipande cha sabuni. Aliizungusha kwa kidole, ikazunguka bila kukwaruza. Akafunga kapasita, akarudisha kifuniko, ndipo akachomeka plagi. Nilibonyeza mimi mwenyewe. Haikuunguruma hata kidogo, ngoma ilianza palepale, na sote wawili tulikaa kimya tukiisikiliza.

Barua ya TANESCO nimeiandika, nimetaja volti 190 na saa moja jioni, na nimeambatanisha vipimo vya siku tatu nilivyovichukua baadaye. Kwa sasa jioni siiwashi. Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nikaweka mashuka manne badala ya sita, yakakauka kwa dakika hamsini. Katikati ya kazi niliweka kiganja juu ya soketi: ilikuwa ya baridi. Nikapanda ngazi nikaligusa na lile boksi la darini, nalo lilikuwa la baridi.

Fundi (Isevya, Tabora)

Vizuri sana dada. Kichujio cha mlangoni ukisafishe kila baada ya mzigo mmoja. Mwezi ujao, meni swichi ikiwa imezimwa, kijana akaze tena skrubu za zile konekta, kwa sababu shaba mpya hulegea kidogo ikishapata joto na kupoa mara kadhaa. Na yale maboksi mawili ya mwanzo, yaliyo kabla ya lile la tatu, je, mliyafungua?

Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Tulifungua moja. Lingine liko juu ya chumba namba nne na lina mgeni hadi Jumamosi. Jumamosi mchana tutalifungua, nami nitaandika hapa tulichokikuta.